Baraza, ukumbi, uani: nyumba ya pwani na ardhi iliyoibeba

Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu uliamuliwa na mkoko. Wakata miti wa visiwa vile huipanga miti yao kwa unene na kuipa majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo inayobeba dari zito la mawe na chokaa, na boriti iliyonyooka, yenye nguvu ya kazi hiyo, haitoki msituni ikiwa na urefu mkubwa. Ukitoa sehemu inayolazwa juu ya kuta, kinachobaki ni chumba cha mita mbili na nusu au karibu tatu. Urefu wa chumba hauna kizuizi cha namna hiyo, kwa kuwa boriti hupangwa moja kando ya nyingine hadi fundi achoke. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine. Umbo hilohilo limo katika magofu ya Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na limo Songo Mnara, mwendo wa siku nyingi kwa jahazi kuelekea kusini. Mafundi ambao hawakupata kuonana walitii kipimo kimoja.

Maelezo haya yanapendwa sana katika vitabu vya picha za pwani, na ni ya kweli. Tatizo lake ni kwamba yanaishia mapema. Mkoko unaeleza upana wa chumba, lakini hauelezi kwa nini kila chumba kiwe juu kidogo kuliko kilichokitangulia, wala kwa nini mlango wa nje usitazamane na ua wa ndani, wala kwa nini mtu ajenge kwa gharama zake benchi la mawe mbele ya nyumba yake ili watu wengine walikalie. Hayo yanatokana na mambo mawili ambayo hayaonekani katika picha. La kwanza ni utaratibu wa nani afike wapi, na la pili ni nani anamiliki ardhi iliyo chini ya ukuta na nani atairithi. Nitakalolitetea hapa ni kwamba mtaa wa Kiswahili umesimama juu ya mambo hayo mawili kuliko juu ya jiwe na mlango wa nakshi, na kwamba nyumba ya udongo ya Ng'ambo, Zanzibar, na nyumba ya vyumba sita ya Dar es Salaam zimeyabeba kwa uaminifu zaidi kuliko majumba tuliyoyapeleka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Tuanze na jiwe na udongo, maana hapo ndipo palipotiwa fitina. Kwa miaka mingi wasomi wa enzi ya ukoloni waliuona mji wa mawe kama mzigo ulioshushwa na majahazi. Kwao, Waarabu na Waajemi walijenga mjini kwa mawe, na Waafrika wakajibanza pembeni katika vibanda vya miti. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka kwenye tabaka la karne ya 8 ambalo halikuwa na kitu ila alama za mashimo ya nguzo za miti. Nyumba za mji nazo zilipita njia hiyohiyo, zikianza na miti na udongo, na mawe yakaja baadaye. Mawe yenyewe kwanza yalikuwa matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka. Mawe ya nchi kavu yalikuja kuwa ya kawaida kwa wajenzi wa baadaye. Kwa hiyo nyumba ya mawe ilikulia ndani ya nyumba ya udongo. Ni ndugu wa baba mmoja, mmoja akapata mali.

Ndugu huyo aliyepata mali anasomeka vizuri zaidi Lamu, katika mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba za karne ya 18. Mgeni akifika anakutana na daka, kibaraza kilichoingizwa ndani ya ukuta, chenye viti vya mawe pande mbili za mlango. Wengi huishia hapo, na hakuna aibu yoyote. Akikaribishwa anapita tekani, kijichumba chenye kona kinachozuia jicho la mpita njia, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambao ndio mapafu ya nyumba nzima kwa kuwa kuta za nje karibu hazina madirisha. Mgeni wa kiume aliyetoka mbali hulazwa sabule, chumba kilichotengwa ili asipitie penye wanawake. Kutoka kiwandani vyumba vinapanda kidato kwa kidato: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Ukuta wa ndani ndio uliochongwa zidaka kwa chokaa, safu juu ya safu za vijumba vidogo vya kuwekea sahani za kauri na vitu vya thamani. Nyuma kabisa iko nyumba ya kati, chumba chenye giza na utulivu, ambamo wanawake walijifungua na maiti waliogeshwa. Njia yote hiyo, kutoka barabarani hadi mahali pa kuzaliwa na kuoshwa, haizidi hatua chache, lakini ina vizingiti vingi, na kila mtu mjini alijua kizingiti chake ni kipi.

Jambo ambalo watalii hawaambiwi ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya mwanamke. Katika familia za waungwana wa Lamu baba alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya yake mwenyewe, na mume ndiye aliyehamia. Binti wa pili akijengewa ng'ambo ya kichochoro, nyumba mbili ziliungwa kwa wikio, chumba kilicholazwa juu ya njia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, ili dada na mama watembeleane bila kushuka barabarani. Watu wanaopita chini ya wikio hushukuru kivuli. Waliolijenga walikuwa wanafikiria urithi na ndoa. Vichochoro vya Mkomani, ambavyo mgeni huviona kama fumbo lisilo na mpangilio, vina mpangilio wa ukoo. Ukijua nani alimwoza nani unaweza karibu kuichora ramani, na mtaa ulikua kila harusi ilipofungwa.

Sitaki kuipamba. Majumba yale yalilipiwa na mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na watumwa wa nyumbani walilala orofa ya chini pamoja na mizigo. Mwungwana wa kike alipotoka, alitembea ndani ya shiraa, pazia lililobebwa na wajakazi pande zote, kana kwamba kuta za nyumba zinamfuata njiani. Vizingiti vilivyomlinda mmoja vilimfungia mwingine. Anayetaka kurudisha nyumba ile jinsi ilivyokuwa aseme kwanza ni nani atalala orofa ya chini.

Ya hali ya hewa yameandikwa sana, nitayapita haraka. Njia nyembamba huweka kivuli mchana kutwa; kuta nene za mawe huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza; njia zinazoteremka pwani hupeleka maji ya mvua baharini na kupandisha upepo. Birika la maji lilitiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Haya yote ni ya akili, na mhandisi yeyote wa leo anaweza kuyaiga akitaka. Utaratibu wa kijamii ndio usioigika kirahisi.

Sasa twende kwa ndugu maskini. Nyumba ambayo Watanzania huiita nyumba ya Kiswahili ina ramani ambayo mtoto anaweza kuichora kwa kijiti mchangani: mlango katikati, ukumbi unaoipasua nyumba hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, uani nyuma wenye jiko, bafu, choo na mara nyingi banda la vyumba vya nyongeza. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeichunguza Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliielewa nyumba hii kuliko wapangaji miji wengi waliomfuata. Aliona kwamba mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kwamba wapangaji hutoka makabila mbalimbali, na kwamba kukaa kwao pamoja kunategemea adabu za ukumbi na uani.

Linganisha na Lamu. Daka limekuwa baraza, tekani na misana zimekunjwa zikawa ukumbi mmoja, kiwanda kimehamia nyuma kikawa uani. Ngazi za faragha zimebaki nne tu, lakini zimebaki: barazani hukaa yeyote, ukumbini hupita mwenye sababu, uani huingia wa nyumbani, na chumba ni cha mwenyewe na pazia lake. Tofauti kubwa ni kwamba vizingiti vilivyogawa ukoo na watumwa sasa vinagawa watu wasio ndugu ambao wamelazimika kuwa kama ndugu. Chumba kimoja kina mke wa dereva, kinachofuata kina fundi cherehani, cha tatu kina vijana wawili wa kutoka Lindi. Kila mmoja anapika uani kwa zamu yake au kwa jiko lake. Magomvi ni ya kila siku, kuhusu maji, taa, mtoto aliyepigwa, deni la unga, na yanamalizwa hapohapo kabla giza halijaingia, kwa sababu usiku watu wote watapita ukumbi uleule.

Nyumba hiyo iliwekwa kwenye viwanja ambavyo haikuvibuni. Kariakoo ilichorwa kwa mistari iliyonyooka; Wajerumani walianza kuipima mwishoni mwa utawala wao, Waingereza wakaendeleza, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa kuwa mpaka kati ya mji wa Waafrika na wa wengine, kwa kisingizio cha afya. Mpango ulikuwa wa kibaguzi, ila nyumba iliyojengwa juu yake ilikuwa ya pwani, na matokeo yake ni mtaa ambao watu waliupenda. Nalisema hili kwa wale wanaoamini kwamba mtaa wenye mizizi lazima uwe wa vichochoro vilivyopinda. Mistari ya Kariakoo imenyooka kama rula, lakini baraza zilipotazamana pande mbili za barabara ya mchanga, barabara yenyewe ikawa kiwanda kikubwa cha watu wote. Mtindo huo ulifuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, na ulifika Nairobi, ambako huko Pumwani, kuanzia miaka ya 1920, wanawake waliojipatia fedha mjini walijenga nyumba za vyumba vya kupangisha na kuwa wenye nyumba kwa haki yao wenyewe. Jadi ya Lamu ya mwanamke kumiliki nyumba ilitokea tena mahali ambapo Lamu haikuwa na mkono wowote.

Kiuchumi, nyumba ya vyumba sita ilikuwa benki ya mtu asiyeweza kwenda benki. Ilianza na nguzo, fito na udongo wa kukandika, paa la makuti. Mwaka wa neema makuti yalipishwa na madebe yaliyofunuliwa, kisha bati. Baadaye ukuta wa udongo ulivunjwa upande mmoja na kupandishwa tofali za saruji huku wapangaji wakiendelea kulala upande wa pili. Hakuna mkopo, hakuna siku ya kukabidhiwa funguo. Mjane aliyeachiwa nyumba ya namna hiyo alikuwa na kodi za vyumba vitano na watu wa kumsikia akiugua usiku. Ni mpango gani wa makazi ya gharama nafuu tulioubuni tangu hapo unaompa mjane vitu hivyo viwili kwa pamoja?

Hata siasa iliiegemea. TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, ilidhani inaanzisha kitu kipya. Kilichoufanya mfumo utembee mijini ni kwamba nyumba kumi zenye baraza zilikuwa tayari zinaonana, na balozi alihitaji tu kukaa nje jioni. Kenya iliutangaza mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa ajili ya usalama, na sehemu ulikochechemea zaidi ni mitaa ya kuta ndefu na mageti, ambako mtu hajui jina la jirani wa pili. Balozi hawezi kuwa balozi wa mageti.

Ubaya wa nyumba hiyo nao usifichwe. Makuti yanashika moto, na nyumba moja ikiwaka kwenye upepo wa kaskazi mtaa mzima huwa mashakani. Vyoo vya shimo karibu na visima, kwenye ardhi ambayo maji yake yako juu, vimeleta kipindupindu mara nyingi. Mpangaji hana hati, hana notisi ya maana, na uani kunamaanisha kwamba mwanamke mgeni mjini atachunguzwa nguo zake za ndani kwenye kamba na watu kumi na wanane. Wapo waliohamia nyumba za geti kwa kukimbia macho hayo, na siwalaumu.

Nimesema ardhi ni nusu ya habari, na hapa ndipo wanaosifu usanifu wa jadi hukaa kimya. Ng'ambo ya Zanzibar, upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, watu walimiliki mabanda yao lakini ardhi ilikuwa ya wenye mashamba au ya wakfu. Kwa muda mrefu kodi ya ardhi ilikuwa ndogo, au haikudaiwa kabisa, kwa sababu mwenye ardhi alitaka wafuasi. Mji ulipokua, alitaka fedha. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, na Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika juu ya mgomo huo, anaonyesha jinsi wanawake walivyokuwa mstari wa mbele, jambo lisiloshangaza ukikumbuka wangapi kati yao walikuwa wenye mabanda. Serikali iliwakamata baadhi ya watu, kisha ikalazimika kuzidhibiti kodi hizo kwa sheria. Mgomo ule, kwa maoni yangu, ni sehemu ya historia ya usanifu wa Zanzibar sawa na mlango wowote wa nakshi. Ndio ulioamua kwamba Ng'ambo itaendelea kuwepo.

Mombasa ilikwenda njia nyingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wathibitishe umiliki kwa karatasi, na waliokuwa na karatasi, au mawakili, wakapata maeneo makubwa. Waliobaki waliingia katika utaratibu ambao Wakenya wa pwani wanaujua vyema: nyumba bila ardhi. Unamlipa mwenye ardhi kila mwezi, unajenga yako juu yake, na huruhusiwi kujenga kwa vifaa vya kudumu, maana ukijenga kwa mawe kukuondoa kutakuwa kugumu. Mtu akiipita nyumba ya udongo ya Majengo akaiita jadi, ajue kwamba sehemu kubwa ya jadi hiyo ni sharti la mwenye ardhi. Mwenye banda angeweka tofali jana kama angeruhusiwa.

Wapangaji miji walipofika Ng'ambo waliona fujo. Lanchester aliichorea Zanzibar mpango mwaka 1923. Mipango mingine ikafuata. Na baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, Hubert Scholz kutoka Ujerumani Mashariki akachora ule uliobadilisha sura ya mji. Michenzani, maghorofa marefu yaliyonyooka mithili ya mabehewa, yalikata katikati ya mitaa ya udongo. Nia ya Rais Karume haikuwa mbaya. Kwa mtu aliyechota maji mtaani maisha yake yote, bomba jikoni na choo cha kuvuta vilikuwa heshima aliyonyimwa na masultani na Waingereza, na wazee waliohamia mwanzoni hawapendi kuyasikia maghorofa yale yakidharauliwa. Lakini uani ulifutwa, na pamoja nao kazi zote za uani. Kufua, kukoboa, kufuga kuku na kusuka kulitafuta mahali pengine: kwenye ngazi, vibarazani, chini baina ya majengo. Maji yaliposhindwa kupanda, ndoo zikapanda. Baraza haikukubali kufa hata kidogo. Ilijitokeza chini ya maghorofa kwa jina la maskani, na Maskani ya Kisonge pale Michenzani, yenye ubao wake wa kuandikia maneno ya siasa, ikawa mahali ambapo wapinzani na wenye chama wote walipita kusoma kilichoandikwa. Mchoraji hakuiweka katika ramani, wakazi waliiweka wenyewe.

Wakati Ng'ambo inavunjwa kwa ajili ya maendeleo, Mji Mkongwe ulikuwa unaanguka kwa kukosa mwenyewe. Majumba ya waliokimbia mwaka 1964 yalitaifishwa, yakagawiwa familia kutoka mashamba na Pemba, kodi ikawa ndogo mno kulipia hata chokaa. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mpango wa uhifadhi uliotengenezwa pamoja na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulikamilika mwaka 1994. UNESCO ikauandikisha mji mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata. Kazi hiyo iliokoa mengi. Mafundi walikumbushwa, kwa mfano, kwa nini saruji inaua jumba la mawe: ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, ukiufunika kwa saruji unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu inavimba, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza bila mtu kuona, mpaka siku dari linaposhuka. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake ya mbele Desemba 25, 2020, likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Uzembe wa miaka hauishi kwa kuwekewa jukwaa la mafundi.

Ila angalia kilichookolewa ni nini. Uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuuza majumba, na mnunuzi mwenye uwezo wa kulitengeneza jumba kwa chokaa na boriti alikuwa, mara nyingi, mwenye hoteli. Jumba lililokuwa na familia kadhaa linabaki na ukuta wake, mlango wake, hata baraza yake. Wanaokaa barazani wanapungua, kwa sababu wanaolala ndani hubadilika kila baada ya siku tatu. Shela, kisiwani Lamu, imekwenda mbali zaidi: nyumba nyingi zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa sasa ni za watu wa Ulaya wanaokuja kwa msimu. Mafundi wa zidaka wamepata kazi, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini bei ya nyumba imepanda hadi baba wa Lamu hawezi tena kufanya kile kilichoujenga mji, yaani kumjengea binti yake jirani na mama yake. Kanuni za uhifadhi zina aya juu ya upana wa dirisha. Hazina aya juu ya binti.

Jaws Corner katika Mji Mkongwe bado ina kahawa, bao na wabishi wake, na Mkunazini na Malindi bado ni mitaa ya watu. Sisemi mji umekufa. Nasema tumehifadhi kitu kilicho rahisi kukipiga picha, na tumekiacha kile kilichokipa maana bila ulinzi wowote wa kisheria.

Ng'ambo yenyewe imeanza kutazamwa upya. Tangu miaka ya 2010 wataalamu wa mipango miji wa Zanzibar, wakishirikiana na shirika la African Architecture Matters la Uholanzi, waliipima na kuiorodhesha: mabaraza, miti mikubwa, viwanja vya mpira, kumbi za starehe, misikiti, njia za mkato. Kuorodhesha mwembe kama sehemu ya mji ni jambo jipya katika ofisi zetu, ingawa mtu yeyote aliyekulia Mwembetanga angewaambia. Kazi hiyo imetoa atlasi nzuri. Shinikizo la maghorofa nalo halijalala, na kila mwaka linaikuta atlasi ikiwa mbele kidogo au nyuma kidogo ya tingatinga.

Bara, picha ni ya haraka zaidi. Kariakoo ya nyumba za vyumba sita imekaribia kwisha. Kiwanja kilekile kina ghorofa nane au kumi, duka chini, stoo juu, na vyumba vya kulala visivyopata upepo. Pembeni mwa jiji, kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, tajiri na wa kati wanajenga katikati ya kiwanja, ukuta pande nne, geti la chuma, bati la rangi, madirisha ya aluminiamu yanayotazama ukuta. Nyumba hiyo imegeuza kila kitu: uani umezunguka nyumba pande zote na hauna mtu, baraza imekuwa kibaraza cha kuegeshea gari, na barabara ni mfereji wa vumbi kati ya kuta mbili. Kisha wasanifu wetu, wakiombwa waweke utambulisho wa Kiswahili, hubandika tao la chokaa na vidirisha vya nakshi juu ya jengo la vioo lenye viyoyozi kila dirisha. Hoteli za ufukweni zimefanya makuti kuwa kofia ya tamasha. Heri jengo la saruji tupu lenye ngazi pana ambapo watu wanaweza kukaa.

Je, ghorofa linaweza kuwa na mtaa ndani yake? Naamini linaweza, na si kwa nakshi. Panahitajika kibaraza cha pamoja kila sakafu, kinachotazama ngazi, chenye upana wa kutosha kuweka mkeka bila kumzuia anayepita. Panahitajika uani wa juu wa paa wenye maji na kamba, au ua wa ndani wenye ukubwa wa maana, maana mkaa na mchicha vitapita tu, sheria ikubali ikatae. Panahitajika vyumba vinavyoweza kupangishwa kimojakimoja chini ya paa la mwenye nyumba, jambo ambalo ramani nyingi za nyumba za gharama nafuu hulizuia kwa kudhani kila familia ni baba, mama na watoto wawili. Na kwenye mitaa ya chini panahitajika kanuni ndogo tu: baraza iliyo mbele ya nyumba ihesabiwe kuwa sehemu halali ya barabara ya mtaa. Leo baraza ndiyo ya kwanza kupigwa alama ya X nyekundu kwa kosa la kuingia kwenye hifadhi ya barabara, hata pale ambapo barabara hiyo haijawahi kupitisha chochote kikubwa kuliko mkokoteni.

Hayo yote ni ya kuchora, na kuchora ndiyo kazi nyepesi. Gumu ni mkataba. Magomeni Kota ni mfano unaostahili kutazamwa: wakazi waliobomolewa nyumba za zamani walisubiri kwa miaka, lakini maghorofa yalipozinduliwa Machi 2022 ni wao waliorudishwa, na majirani wa zamani wakakutana tena, safari hii kwenye ngazi. Iliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma na walengwa walikuwa kwenye orodha. Kariakoo na Ilala mambo huenda kwa ubia: mwenye kiwanja anatoa ardhi, mjenzi anatoa fedha, na jengo likiisha mwenye kiwanja hupewa sakafu kadhaa. Warithi, ambao mara nyingi ni wengi na wamechoka kugombania nyumba moja ya babu, hatimaye wanapata kitu kinachogawanyika. Huo ni ushindi wao halali. Waliokuwa wamepanga vyumba vile sita na vya banda la uani, baadhi yao kwa miaka ishirini, hawamo kwenye mkataba kwa jina lolote. Hawamo kama wapangaji wenye haki ya kurudi kwa kodi wanayoiweza, hawamo kama wanunuzi wa kwanza wa chumba kidogo, na muuza vitumbua aliyeikodi baraza asubuhi hayumo hata kwa mdomo. Wanapewa notisi, wanahamia Chanika au Mbagala, na mtaa wanaouacha unaendelea kuitwa kwa jina lake la zamani katika hati ya kibali cha ujenzi.